Bunduki iliyofaulu mtihani wa chumvi, je, itahimili hewa ya Fumba?

Kila mwenye simu keshaziona video hizo. Mtu anaichukua bunduki, anaizika kwenye tope, anaitoa, anaikung'uta mara moja, kisha anapiga. Ikilia, walioitazama wanaandika kwamba hiyo ndiyo silaha imara kupita zote. Ikigoma, wanaandika kwamba haifai kitu. Wasikilizaji wetu hutuuliza: je, majaribio haya yana ukweli? Na yale makubwa zaidi, yanayofanywa na majeshi na viwanda kabla ya serikali kutoa fedha, yanatwambia nini kuhusu silaha itakayobebwa na mlinzi, askari polisi au kijana wa KMKM aliye doria baharini?

Suali hili si la wapenda bunduki peke yao. Silaha za vikosi hununuliwa kwa fedha za umma. Anayezibeba ni mtoto wa mtu, na anayesimama karibu nazo ni mwananchi. Ikikwama siku inayohitajika, kuna atakayeumia. Ikifyatuka siku isiyohitajika, kuna atakayeumia vile vile.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: majaribio ya uimara ni ya kweli, lakini kila jaribio hujibu suali moja tu, lile lililoulizwa. Mara nyingi suali lililoulizwa silo linalotuhusu sisi tunaoishi pwani.

Mtihani wa chumvi na chumvi yenyewe

Tuanze na jambo analolijua kila mtu wa Fumba. Bati la nyumba iliyo karibu na bahari hushika kutu mapema kuliko bati lile lile likiezekwa Dunga, na la Dunga halifiki umri wa lile lililoko Dodoma. Duka moja, kiwanda kimoja, bei moja, lakini maisha mbali mbali. Kinachotofautisha ni hewa.

Viwanda vinalijua hilo, na ndiyo maana kuna mtihani wa chumvi. Chombo huwekwa ndani ya sanduku maalumu, likapulizwa ukungu wa maji yenye chumvi ya asilimia 5, katika joto la nyuzi 35. Kwa utaratibu unaofuatwa na jeshi la Marekani, chombo hupulizwa saa 24, kikaachwa kikauke saa 24, kisha hupulizwa na kukaushwa tena. Mtihani mzima ni siku 4.

Maji ya bahari yana chumvi ya kiasi cha asilimia 3 na nusu. Kwa hiyo maji ya mtihani ni makali kuliko ya bahari, na mtu anaweza kusema basi, aliyefaulu pale atafaulu popote. Sivyo. Ukali wa chumvi ni kitu kimoja, na muda ni kitu kingine. Waliouandika mwongozo wenyewe wanatahadharisha kwamba matokeo ya sanduku hayawezi kugeuzwa moja kwa moja kuwa miaka ya kuishi baharini. Huwezi kusema siku 4 za sanduku ni sawa na miaka 4 ya Ghuba ya Menai.

Sababu ziko wazi. Bunduki inayoingia kwenye sanduku ni mpya, rangi yake haijachubuka, na haijawahi kuanguka kwenye sakafu ya boti. Bunduki ya kweli imekwisha kwaruzwa, imeshikwa na mikono yenye jasho, imelala kwenye mfuko wa ngozi uliolowa, imeingiwa na mchanga na vumbi la mawe ya matumbawe. Asubuhi inapata umande, mchana jua, jioni upepo wa bahari. Kusi likianza kuvuma, ule mvuke wa chumvi hauulizi kama leo ni siku ya mapumziko. Hakuna sanduku linaloweza kuyaweka yote hayo pamoja ndani ya siku 4.

Mfano mwepesi zaidi uko mfukoni mwako. Simu nyingi za bei kubwa huandikwa kwamba hazipenyi maji, kwa alama ya IP67. Maana yake ni kwamba simu mpya ilizamishwa kwenye maji baridi yaliyotulia, kina cha mita 1, kwa dakika 30. Maji ya chumvi hayamo katika mtihani huo, wala wimbi, wala simu iliyokwisha pasuka pembeni. Mama anayekwenda pwani kwenye mwani na simu yake kiunoni, akaamini alama ile, ameamini jibu la suali ambalo siye aliyeliuliza. Silaha nazo ni hivyo hivyo.

Bunduki ile ile, majibu mawili

Mwaka 2007 jeshi la Marekani lilifanya jaribio la vumbi katika uwanja wa Aberdeen, jimbo la Maryland. Bunduki za aina 4 zilishindanishwa: M4, ambayo ndiyo waliyokuwa nayo askari wao, na nyengine 3. Zilichukuliwa bunduki 10 za kila aina, kila moja ikapiga risasi 6,000, yaani risasi 60,000 kwa kila aina, huku zikimwagiwa vumbi jingi.

M4 ilikwama mara 882. HK416 ilikwama mara 233, SCAR mara 226, na XM8 mara 127. Tuzigawe hesabu hizi zieleweke. Kukwama mara 882 katika risasi 60,000 ni kiasi cha mara moja katika kila risasi 68. Magazini moja huchukua risasi 30, kwa hiyo ni tatizo moja katika kila magazini mbili na kidogo. XM8 ilikwama mara moja katika kila risasi 470 hivi.

Kwa hesabu hizo ungesema kesi imekwisha. Lakini miezi michache kabla, jeshi hilo hilo lilikuwa limeijaribu M4 hiyo hiyo kwenye vumbi, ikakwama mara 300 hivi tu. Aina moja ya bunduki, jaribio la namna moja, mwaka mmoja, na tofauti ni karibu mara 3. Waliokuwa wakiitetea M4 wakasema jaribio la pili lilikuwa na kasoro. Waliokuwa wakiipinga wakasema la kwanza ndilo lililokuwa jepesi.

Funzo kwetu si nani alishinda ubishi ule. Funzo ni kwamba hata mtihani wa wataalamu, wenye maelfu ya risasi, unaweza kutoa majibu mawili. Basi mtihani wa mtu mmoja mwenye bunduki moja, ndoo moja ya tope na simu ya kurekodia, tuupe uzito gani? Ule ni mchezo wa kutazama. Bunduki moja ikigoma mara moja, haikwambii lolote kuhusu elfu nyengine zilizotoka kiwanda kile.

Kilichopimwa sicho kilichopelekwa

Kosa jengine hutokea pale silaha inapofaulu, kisha kitu kikabadilishwa baada ya mtihani. Mfano unaojulikana zaidi ni wa M16 katika vita vya Vietnam, katikati ya miaka ya 1960.

Bunduki ile ilijaribiwa kwa baruti ya aina moja. Ilipopelekwa vitani, risasi zake zikajazwa baruti ya aina nyengine, iliyoacha masizi mengi zaidi na kuifanya bunduki iende kasi kuliko ilivyokusudiwa. Chemba yake haikupakwa kromu, ingawa ilikuwa inapelekwa kwenye nchi ya mvua na unyevunyevu. Vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na askari wengi waliaminishwa kwamba bunduki hii ya kisasa haihitaji kusafishwa sana. Matokeo yake bunduki zilikwama vitani, na askari wakauawa wakiwa wanajaribu kulitoa ganda la risasi lililonasa. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani, chini ya mbunge Richard Ichord, ilichunguza na kuukosoa vikali uamuzi ule wa kubadilisha baruti. Baadaye chemba zikapakwa kromu, vifaa vya kusafishia vikatolewa, na hali ikabadilika sana.

Tizama: bunduki yenyewe haikuwa mbovu kwa asili. Kilichoua ni pengo kati ya kilichopimwa na kilichopelekwa. Pengo kama hilo linaweza kutokea popote, khasa pale nchi inaponunua silaha kutoka kiwanda kimoja, risasi kutoka kiwanda kingine, na mafuta ya kusafishia kwa yeyote mwenye bei nafuu.

Suali ambalo halikuulizwa

Bastola ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer ilifaulu mitihani ya kuangushwa iliyokuwa ikitakiwa Marekani. Mitihani ile hutaja namna silaha iangushwe: kwa mdomo wa mtutu, kwa kitako, kwa ubavu, na kadhalika. Mwaka 2017 watu wengine wakaiangusha kwa mshazari, ikatua kwa nyuma yake katika pembe ya nyuzi 30 hivi, nayo ikafyatuka bila kuguswa. Kishindo kilikifanya kifyatulio, kwa uzito wake chenyewe, kirudi nyuma kama kilichovutwa na kidole. Agosti ya mwaka huo kampuni ikatangaza marekebisho, na kifyatulio chepesi zaidi kikawekwa.

Pembe ile haikuwamo kwenye orodha. Lakini bastola inayoponyoka mkononi kwa mtu anayeshuka kwenye boti haichagui pembe ya kuangukia.

Ujerumani nako palikuwa na kisa cha bunduki ya G36. Mwaka 2015 waziri wa ulinzi wa wakati huo, Ursula von der Leyen, alisema bunduki ile haina tena mustakbali katika jeshi lao kama ilivyo, kwa sababu ikipata joto kali shabaha yake hupotea. Wizara ikataka kuwabana watengenezaji, Heckler & Koch. Mwaka 2016 Mahkama ya Koblenz ikaamua kwa upande wa kampuni: bunduki zilizoletwa zilitimiza yale yaliyoandikwa kwenye mkataba. Bunduki ile ilikuwa imechaguliwa kwa hali ya hewa ya Ulaya miaka ya 1990, kisha ikaenda kufanya kazi kwenye joto la Afghanistan.

Kesi hii inafaa isomwe na kila ofisi ya ununuzi katika Afrika Mashariki. Muuzaji huwajibika kwa kilichoandikwa. Usipoandika joto, huna pa kudai joto. Usipoandika chumvi, kutu ni yako.

Silaha ya kwetu hufa kwa kukaa

Hapa tunafika kwenye hoja kuu. Mitihani mingi mikubwa hupima kupiga: risasi 6,000, risasi 10,000, mfululizo, kwenye vumbi au tope. Lakini mlinzi wa hoteli, wa benki au wa ghala hapa Unguja anaweza kumaliza mwaka bila kupiga hata risasi moja. Silaha yake haichoshwi na moto. Inasimama. Inashinda nje kwenye kivuli cha mwembe, inalala kwenye kabati lisilopitisha hewa, inakabidhiwa zamu kwa zamu. Risasi zile zile zinakaa kwenye magazini mwaka baada ya mwaka, na springi yake inashika kutu.

Kwa hiyo suali la "inapiga risasi ngapi bila kukwama?" si baya, lakini silo la kwanza kwetu. La kwanza ni: "ikikaa miezi 12 kwenye hewa ya bahari, ikafutwa mara chache, je, siku ya haja itafanya kazi, na siku isiyo ya haja itatulia?" Mtihani wa namna hiyo haupendezi kurekodiwa kwa simu. Hauna kishindo. Lakini ndio unaofanana na maisha yetu.

Mji Mkongwe wenyewe unatufundisha. Mbele ya Beit al Ajaib iliwekwa mizinga ya kale ya Kireno iliyotengenezwa kwa shaba nyeusi katika karne ya 16. Imepigwa na upepo wa chumvi muda mrefu, na maandishi yake bado yanaonekana. Chuma cha kawaida kikiachwa hapo hapo hubanduka maganda. Hakuna aliyeipeleka mizinga ile kwenye sanduku la ukungu. Muda na mahali ndivyo vilivyotoa matokeo.

Na upande wa pili wa shilingi uko Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka katika vita vilivyoanzia Kagera, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivamiwa na bunduki nyingi zikaingia mikononi mwa wafugaji. Tangu hapo serikali ya Uganda imeendesha kampeni za kukusanya silaha mara kadhaa, na mwaka 2021, miaka zaidi ya 40 baadaye, ilibidi kuanza tena. Bunduki katika nchi kavu, ikipakwa mafuta kidogo, huishi kuliko aliyeinunua. Kwa jeshi, uimara ni sifa. Kwa kijiji kinachoibiwa ng'ombe kizazi baada ya kizazi, uimara huo huo ni balaa. Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo inazitaka nchi wanachama zitie alama silaha zao, ziweke kumbukumbu na ziharibu za ziada. Silaha haiozi yenyewe kwa wakati tunaoutaka sisi.

Risasi nazo huzeeka

Kuna sehemu ya silaha inayosahauliwa zaidi: risasi na baruti. Baruti za kisasa huchakaa polepole hata zikikaa kimya. Watengenezaji huchanganya kemikali ya kuzituliza, na kemikali hiyo hupungua mwaka hadi mwaka. Kanuni ya jumla wanayoitumia wataalamu ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuchakaa huongezeka kiasi cha mara mbili. Umri ulioandikwa kwa kukadiria ghala la baridi hauwezi kuwa umri wa ghala lenye paa la bati hapa pwani.

Tanzania haijasahau tarehe 29 Aprili 2009, mabomu yaliporipuka katika kambi ya Mbagala, wala tarehe 16 Februari 2011, Gongo la Mboto. Katika kila tukio waliuawa watu wasiopungua 20, wengi wakajeruhiwa na nyumba zikabomoka mbali na kambi. Machi 2012 ikawa zamu ya Brazzaville, na Machi 2021 Bata, Guinea ya Ikweta. Mripuko wa ghala unaweza kuwa na sababu nyingi: moto, uzembe, mpangilio mbaya, au uchakavu. Ila dawa ya kwanza ni moja kwa zote: kukagua na kupima kilichomo ghalani, kila baada ya muda, kwa hali ya hapo kilipo. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo ya kitaalamu ya kuhifadhi risasi na mabomu, na moyo wa miongozo hiyo ni huo huo: usiuamini umri wa kwenye sanduku, pima.

Nini kiulizwe

Afrika Mashariki si mnunuzi tu siku hizi. Shirika la Mzinga la Morogoro linatengeneza risasi. Uganda ina kiwanda Nakasongola, Kenya kina cha risasi Eldoret, na Aprili 2021 Kenya ilizindua kiwanda cha bunduki Ruiru, kilichoelezwa kuwa na uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Hii ni nafasi. Anayetengeneza nyumbani anaweza kupima nyumbani. Anaweza kuziweka bunduki kadhaa mwaka mzima Pemba, nyengine Tanga, nyengine Lamu, akazitumia kama zinavyotumiwa kweli, na mwisho wa mwaka akahesabu.

Kwa wanaonunua na wanaosimamia, sisi tunaona masuali manne yanatosha kuanzia. Silaha iliyopimwa na risasi iliyopimwa ndizo hizo zinazoletwa? Zilipimwa ngapi, na mara ngapi? Chumvi, joto na kukaa bila kutumika vimeandikwa kwenye mkataba? Na baada ya kuletwa, nani atazikagua kila mwaka, kwa vifaa gani na kwa fungu gani? Suali la mwisho ndilo linaloachwa zaidi, na ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote. Kitambaa, mafuta na saa moja ya mafunzo ni rahisi kuliko bunduki mpya.

Kwa mwananchi wa kawaida ushauri ni mfupi. Ukiokota bunduki, risasi au chuma kinachofanana na bomu, pwani au shambani, kutu isikudanganye. Kutu ya nje haimaanishi baruti ya ndani imekufa. Huenda imekuwa khatari zaidi. Usiiguse, usiipige jiwe, usiwaachie watoto. Weka alama mahali pale kwa mbali, kisha mjuulishe sheha au kituo cha Polisi kilicho karibu.

Na video za kwenye tope, zitazame ukipenda. Ila ukimsikia mtu anasema silaha fulani "imefaulu mitihani yote", muulize: mitihani ipi, ya wapi, na ya siku ngapi? Fumba ina bahari pande mbili na upepo wa mwaka mzima. Mtihani wa hapa hauishi kwa siku 4.